Blanketi la sadaka

Juzi, kwenye duka moja Kariakoo, dada aliyevaa fulana ya kwaya alimwambia mama muuzaji, "Naomba blanketi la sadaka."

Mama akamshushia lililo zito kuliko yote.

Dada akacheka. "Siyo hilo, mama. Nimesema la sadaka, la kupeleka kanisani."

"Nimekusikia, mwanangu. La Mungu ndiyo hili. Lile jepesi kajifunike wewe."

Dada akaligusa, akatazama mlango, akaligusa tena.

Mimi niliyekuwa nyuma yake nami sikutulia. Fungu la kumi silikosi, lakini mfuko niliouweka miguuni ulikuwa na mashati yangu ya kutoa Jumapili, yote hayana vifungo. Nikausukuma kwa mguu chini ya kaunta.

Leo nimemaliza kushona vifungo. Sasa naziona kola zilivyochakaa.