Vyumba Vitatu vya Bawa

Mtaani kwetu Mapendo, Bashige tulimwita Muzee wa Nzi, naye akajivunia jina hilo. Alifundisha biolojia miaka thelathini, na nyumbani alihifadhi masanduku ya nzi wanyang'anyi, wale wenye ndevu usoni wanaodaka wadudu wenzao hewani. Alijua kuwatenganisha: huyu miguu minene, yule mwembamba kama uzi, na aina iitwayo Promachus ana vyumba vitatu, yaani nafasi kati ya mishipa, karibu na ncha ya bawa pale wengi wana viwili. Lupu, kile kioo cha kukuzia, aliidharau. "Ya nini? Macho iko," alisema. Ubishi wake ulinichosha mimi Kahindo, jirani yake.

Mwanafunzi wake wa mwisho alikuwa Charline, binti yake wa pekee. Siku moja alileta nzi kutoka Kibati, akamchoma pini, akaandika kikaratasi: Promachus.

"Papa, niko naona vyumba tatu."

"Iko mbili! Niko nahesabu mabawa tangu haujazaliwa. Rudia Kibati, ulete Promachus ya kweli."

Akaongeza kikaratasi chake chini ya kile cha binti: Neolophonotus, aina ya vyumba viwili. Kazi hiyo ina sheria yake: kikaratasi cha zamani hakitolewi kamwe. Ukisahihisha, unaongeza chini.

Asubuhi iliyofuata Charline akaenda. Mapigano yakazuka siku hiyo, bomu likaangukia barabara ya Kibati. Nilikuwa mlangoni walipomleta, na sitaki kusema zaidi.

Mwaka mzima Bashige hakugusa masanduku. Juzi aliniita nimshikie lupu, yeye ashike pini. Akamgeuza yule nzi polepole kuelekea dirishani, akahesabu. Akahesabu tena.

"Hesabu weye, mama Kahindo."

Nilitamani kusema viwili. Vilikuwa vitatu; mshipa mmoja wa bawa ulikuwa hafifu mno.

Majuto ni mjukuu, husema watu. Yeye hata mjukuu hatampata. Alilia kwa sauti, kichwa mezani, na mimi niliyekuwa na hasira naye mwaka mzima nikakosa pa kuiweka.

"Muzee, tosha kile kikaratasi yako, uitupe," nikamwambia. "Nani atajua?"

"Hapana, mama. Inabakia."

Akakata kingine, akaandika chini ya kosa lake: Promachus. Halafu, mahali pa jina la aliyemtambua nzi, akaandika: Charline.