Ndiyo ya Nyusi

Mwalimu wa kishikwambi hulamba kidole kabla ya kugusa kioo, kama anayefunua kurasa za Biblia. Ana sauti laini kwa watoto wa watu, na Faapisa haiamini hata chembe. Leo anamwuliza Lagi, bintiye Faapisa wa miaka minne asiyesema, "Huyu ni mbwa?" Lagi anainua nyusi, ndiyo ya kila mtu Samoa, hata ya mchungaji madhabahuni. Lakini programu inataka picha iguswe. Mwalimu anabonyeza: hajajibu. Mara tisa nyusi zinapanda, mara tisa hajajibu. Ikifika kumi, programu itaandika kwamba mtoto haelewi, na chekechea itampa mwingine nafasi yake.

"Mwalimu, nikuletee maandazi yetu, panikeke za moto?" anauliza Faapisa kwa utamu wa shubiri.

Mwalimu, macho kwenye kioo, anainua nyusi.

"Hujajibu, mama," anasema Faapisa.

"Si nimeshakwambia nd..." Kidole chenye mate kinabaki hewani. Lagi anamwinulia nyusi polepole, kama anayemfundisha mzito wa kuelewa.

Mwalimu anafuta "hajajibu" zote tisa, kisha anaziangalia nyusi za Lagi. "Haya, bibie, tuanze upya. Huyu ni mbwa?"

Faapisa anatoka kufuata panikeke ambazo hakuzipika.