Mashine Niliyoichagua kwa Kidevu

Binti yangu alinipangia kompyuta tatu juu ya meza ya sebule yake pale Kibeta. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, kwa hiyo ni binti yangu, sina haja ya kueleza zaidi. Moja aliazima kazini, moja ni ya jirani, na ya tatu mwenye duka wa Miembeni alikubali tuijaribu mpaka jioni. Akaniambia, "Baba mdogo, chagua. Zote zinasikia. Ukisema fungua, inafungua. Ukiongea, inaandika. Hugusi kitu."

Mimi sina mikono. Nalisema mapema, maana kuna watu husoma mpaka katikati ndipo wanaanza kujiuliza huyu mzee anakunywaje chai. Nakunywa kwa mrija. Mikono yote miwili inaishia kwenye vifundo, vimebaki vigutu, na cha kulia kina nguvu kuliko cha kushoto.

Nikazijaribu. Ya kwanza ilitaka mtu aiamshe kwa kidole kila inaposinzia. Ya pili ilitaka niseme polepole kama ninayeungama kwa padri mgeni. Ya tatu ilisikia vizuri, na ikimaliza kuandika inakusomea kwa sauti ulichosema. Nikamuuliza binti, "Nikitoka hapa, mtu akija, anaweza kufuta maneno yangu akaweka yake?"

Akacheka mpaka akakaa. "Nani atafuta maneno yako, baba mdogo? Una siri gani wewe?"

Nikachagua ya tatu. Alidhani ni kwa sababu ya macho. Macho yangu mazima. Haya naiambia mashine hiyo, yeye yuko kazini, na ni jibu la swali lake.

Mikono niliipoteza mwaka uliofuata vita, si vitani. Watu wakiniona hudhani nilipigana, wananipisha kwenye foleni, nami sijawahi kuwasahihisha. Nilivuka mto Kagera kwenda kuokota mabati na vyuma vilivyoachwa kule, kama wengi walivyofanya. Nikaona kitu kimelala kwenye majani, mfano wa kopo la mafuta ya kupikia. Nikakiinua. Basi.

Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne. Kusoma nilijua, kuandika nilijua kidogo, na hicho kidogo kikaenda na vidole. Kwetu tulizaliwa wanne: kaka, dada, mimi, na mdogo wetu wa mwisho. Huyo wa mwisho alifika darasa la saba, akawa ndiye mkono wangu. Mwandiko wake ulilala kuelekea kulia kama migomba baada ya upepo, na herufi ya k aliifanyia mkia. Mimi nilisema, yeye akaandika. Barua nyingi zilikwenda kwa dada, aliyekuwa akikausha dagaa kisiwani Goziba, mahali usipofika ila kwa boti.

Lakini mtu hasemi yote mbele ya mwandishi wake. Nilitaka dada ajue kwamba mdogo wetu amezidisha pombe. Sasa ningemwambia aandike, "Dada, mimi ninayeandika hapa ni mlevi"? Ndiyo maana nilipouza kahawa msimu ule, nikaona afadhali ninunue redio kaseti, niseme mwenyewe, sauti yangu iende Goziba bila mkono wa mtu katikati.

Duka lilikuwa la Mhindi mmoja mjini Bukoba, katika wale wachache waliobaki. Mdogo wangu alinisindikiza ili abebe mzigo. Mhindi akatoa redio tatu. Ndogo ilikuwa na vitufe vigumu, kigutu kikateleza. Kubwa ya kaseti mbili ilinipendeza macho, ila kurekodi lazima ubonyeze vitufe viwili kwa pamoja, na kidevu ninacho kimoja. Ya tatu ilikuwa ya kawaida tu, lakini kitufe chake chekundu kilijitosheleza. Nikainama juu ya kaunta, nikakisukuma kwa kidevu, kikashuka.

"Ndugu," Mhindi akasema, "miaka yote nauza redio, wewe wa kwanza kuibusu."

"Basi nitaioa."

Akacheka, kisha akageuza kaseti mgongoni akatuonyesha vijino viwili vya plastiki. "Kitufe laini hivi kinarekodi upesi, na kinafuta upesi. Ukisema neno la kutunza, vunja hivi. Kitufe hakishuki tena. Ukijuta, ziba tundu kwa karatasi, kinashuka." Mimi nilishika lile la kuvunja. La karatasi lilinipita. Mdogo wangu alikuwa amesimama kando na kapu.

Kabla sijazoea vizuri ile mashine, kaka yetu mkubwa akarudi kutoka mpakani alikokuwa akifanya biashara ya nguo. Alirudi amekonda. Ugonjwa ule siku hizo tuliuita kwa jina la shati lililokuwa likiuzwa hukohuko mpakani, tukidhani tukiupa jina la kuchekesha utaona aibu uondoke. Haukuondoka. Kila kijiji kilikuwa na makaburi mabichi katikati ya migomba.

Kwetu wosia husemwa mbele ya watu. Mgonjwa anaita wazee wa ukoo na majirani, anasema, wanasikia, na masikio yao ndiyo karatasi. Kaka akakataa. "Waje wanihesabu mbavu? Leta hiyo redio yako, nitaiambia."

Sitajisifu hapa. Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu mikono iondoke, nilikuwa na kitu ambacho wenye mikono wanakihitaji. Ningeweza kuwakalisha majirani wawili nje ya dirisha, wasikie bila kumwona. Wazo hilo lilinijia miezi mingi baadaye, nikiwa nakula.

Tulikuwa chumbani kaka, shemeji yangu, na mimi. Nikabonyeza. Kaka akaanza kusema kwamba yeye ana akili zake timamu. Mtoto wao wa pekee, wa miaka minne hivi, akaingia. "Tata, unaongea na nani?" Kaka akamjibu, "Naongea na redio, mama, subiri." Kisha akasema neno alilotuitia: kibanja chote, migomba, kahawa na nyumba, ni cha mke wake na binti yake, na mtu wa ukoo asiwaondoe. Alipomaliza nikaomba shemeji anishikie kaseti, nikavunja vile vijino kwa meno yangu, nikavitema. Kaseti ikaingia kwenye kopo, kopo likaingia kabatini kwangu. Kabati halikuwa na kufuli. Ningelifungaje?

Siku ileile nilimwambia mdogo wangu amwandikie dada aje haraka amkute kaka hai, asikie na yeye neno hilo. Akaandika mbele yangu, akaipeleka mwaloni, kwenye boti za Goziba. Dada hakuja. Kaka akafa, tukazika, dada hakuja. Nilimsema vibaya pale kaburini, kila mtu akasikia.

Matanga yalipokwisha, ukoo ukakaa. Nikasema marehemu ameacha sauti yake. Wazee wakasogea, shemeji akaweka kaseti, nikabonyeza kwa kidevu. Sauti ya kaka ikatoka, watu wakainamisha vichwa. Ana akili timamu. Mtoto akauliza. Kaka akamwambia subiri. Pakalia kitu, ta, na baada ya hapo ukaja mpira. Mtangazaji wa redio, mbio moja, winga anakwenda, anakwenda.

Hakuna aliyesogea. Mzee mmoja akasema taratibu, "Kona hiyo."

"Wamefunga?" mwenzake akamuuliza.

"Bado. Sikiliza."

Mkuu wa ukoo akasema, "Zima."

Mdogo wangu akasimama. Hakupandisha sauti, alizungumza kwa upole ambao sijawahi kuusahau. "Wazee wangu, msimlaumu kaka. Redio ile aliichagua mwenyewe, mimi nilikuwepo. Kitufe chake hata kuku akikikanyaga kinarekodi. Yeye anabonyeza kwa kidevu, atajuaje amebonyeza nini? Tumsamehe, ndiyo hali aliyonayo."

Wakanitazama wote kwa huruma. "Pole, waitu, ndugu yetu," mmoja akaniambia. Na mimi, kwa muda kidogo, nilimwamini. Nilianza kutafuta kichwani ni siku gani nilikosea, mpira ulichezwa lini, nilikuwa wapi.

Shemeji akaitoa kaseti, maana mimi siwezi. Nikaona kitu cheupe mgongoni mwa kaseti, palepale nilipovunja.

"Shemeji, hicho ni nini?"

Akachomoa pini kichwani, akachokoa. Karatasi ilikuwa imekunjwa ikakazwa sana. Akaikunjua juu ya goti langu. Maneno hayakuzidi mstari mmoja na nusu: kaka hawezi kungoja, dada, njoo. Yamelala kulia. Kila k ina mkia.

Ilikuwa barua yangu mwenyewe. Haikuwahi kuvuka ziwa.

Mkuu wa ukoo akaisoma, akairudisha gotini kwangu. "Hii inaonyesha kuna mtu ameziba tundu. Haionyeshi marehemu alisema nini."

"Nilimsikia mimi."

"Wewe na nani?"

"Na mke wake."

"Huyo ndiye mwenye kupewa. Na nani mwingine?" Nikatazama redio. Akasema, "Una majirani pande zote nne. Ukaenda kuita redio."

Kibanja akapewa mdogo wangu. Nilingoja aniangalie. Alikuwa akijipangusa tope kwenye kiatu. Shemeji akamfunga mtoto mgongoni, akarudi kwao Muleba. Dada alipokuja miezi baadaye kwa habari za kusikia, aliniuliza kwa nini hatukumwita, nikamwonyesha ile karatasi.

Hapo ndipo ningependa kuishia, na mara zote nikisimulia huishia hapo. Watu wanatikisa vichwa, wananiongeza chai.

Lakini mdogo wangu naye aliugua, ugonjwa uleule. Mkewe alikuja kwangu siku ya mvua, amejifunika jani la mgomba. "Shemeji, anakuita. Uje na redio. Anasema anataka aseme kibanja kirudi kwa mwenyewe."

"Betri zimekwisha," nikasema.

"Si tuzianike?"

"Jua liko wapi?"

Akatazama nje, mvua inamwagika, akakubali. Siku zile wote tulianika betri juani zipate nguvu kidogo, kwa hiyo lilikuwa jibu zuri. "Mwambie aite watu," nikamwongezea. Nilijua hataita. Alikuwa amefika pale kaka alipofika, pa kuhesabiwa mbavu.

Betri zilikuwa nzima. Asubuhi ile nilisikiliza taarifa ya habari.

Akafa wiki hiyohiyo, hakusema kitu mbele ya mtu. Kibanja wanacho wanawe mpaka leo, vijana wema, kila Krismasi wananiletea ndizi. Nazila.

Binti, nimekwambia mara nyingi kwamba mdogo wangu ndiye aliyekuondoa nyumbani kwa baba yako. Ni kweli. Alitaka kukurudisha, mimi nikamzuia, hiyo ndiyo siri uliyoniuliza. Mashine imenisomea yote haya tangu mwanzo, haikuruka hata hapo kwenye betri, kisha ikanyamaza ikingoja. Neno la kufuta ulinifundisha mwenyewe juzi. Sikulisema.

Kaseti ninayo. Kile kipande cha mwanzo hakikuguswa: yupo baba yako, na upo wewe unamuuliza anaongea na nani. Iko kwenye kopo lilelile, chini ya kitanda changu. Kifuniko kimeshika kutu. Itabidi ulifungue wewe.