Mhuri Ulihamia Ruiru

Tangu wakubwa waruhusiwe kufanyia kazi nyumbani, kwenye ofisi yetu ya vyeti vya kuzaliwa hapa Thika nilibaki mimi na kaunta. Niliipenda hiyo kaunta. Niliota siku moja nitapewa meza yangu karibu na dirisha. Lakini kuambia watu "njoo kesho" kutwa nzima kunachosha kuliko kulima.

Shida ilikuwa mhuri. Bosi aliweza kupitisha cheti kwa laptop akiwa kwake Ruiru, ila cheti bila mhuri ni karatasi tu. Na mhuri alitembea nao mfukoni, kwa sababu yeye ndiye aliyeusainia. Ukipotea, naye amepotea.

Ijumaa moja cucu mmoja, bibi kizee wa Murera, alikuja mara ya nne. Bila cheti, mjukuu wake hangesajiliwa kwa mtihani, na shule ilikuwa inafunga orodha saa kumi jioni hiyo.

"Leo pia ni kesho?" akaniuliza.

Nikampigia bosi, akasema nimpelekee cheti akigonge mhuri.

"Kaa hapa cucu, nitarudi nacho."

"Hiyo karatasi haiendi safari bila mimi. Imeshanitoroka vya kutosha."

Nikafunga kaunta, tukaenda wote. Tulimkuta bosi ameweka laptop juu ya meza ya kupigia pasi, macho mekundu, chai imepoa ikafanya utando.

"Huku hakuna saa ya kutoka," akaniambia. "Hata nikioga wananitafuta."

Cucu akamwangalia juu hadi chini. "Ai! Na unakondea kwako mwenyewe? Si urudi Thika, mwanangu, tukusumbue tukikuona."

Bosi akacheka kama mtu aliyekuwa amesahau kucheka. Akagonga mhuri. Cucu akapuliza wino mpaka ukakauka, akafunga cheti ndani ya leso, akapanda boda kwenda Murera. Nilitamani kuomba mhuri niende nao. Bosi akaupangusa, akaurudisha mfukoni.

Thika nilikuta watu watano wameketi mbele ya mlango niliokuwa nimefunga. Kabla sijafungua, simu ikalia.

"Ameandikwa!" cucu alipiga kelele. "Wa mwisho kabisa, lakini ameandikwa!"

Nikacheka kwa nguvu, machozi karibu. Wale watano wakasimama haraka, fomu mikononi.

"Mhuri umekuja?" mmoja akauliza.