Meno ya Baba Kwenye Kiko

Mtaa mzima ulimwita Kiko Baridi, na mwenyewe hakukasirika. Alikuwa fundi saa, na kabati la vioo sebuleni kwake lilijaa viko vya zamani vya Kiingereza vya kuvutia tumbaku, asivyowahi kuwasha hata kimoja. Moshi ulimbana kifua. Lakini kila mtu na wazimu wake, na wazimu wa huyu ulikuwa ule mzizi mgumu unaochongwa viko, unaokaa na moto miaka na miaka bila kuungua, na ukiupaka nta mistari yake inajitokeza.

Alivinunua kwa wauza mitumba na kwenye minada ya vyombo vya marehemu, vikiwa hoi: mdomo wa mpira mweusi umegeuka kijani, tumbo limeganda ukoko wa tumbaku kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Kila kimoja alikiweka mezani pembeni ya saa za watu, akakwangua ukoko, akasugua mdomo kwa msasa, akapaka nta, akafuta, akapaka tena. Kikitoka hapo ungedhani kimeshuka melini jana. Mkewe alisema naye angependa kupakwa nta mara moja moja.

Wazimu huo ulikuwa na chanzo. Marehemu baba yake alivuta kiko, na kiko chenyewe kilirithiwa na dada yake mkubwa, aliyemuuguza mzee mpaka mwisho. Ilikuwa haki yake. Ila Kiko Baridi alikitamani tangu siku ile, na mimi naona vile vingine vyote alivinunua kwa kukikosa hicho kimoja.

Siku dada alipokileta kimefungwa kwenye kitambaa, fundi aliiacha saa ya mteja wazi mezani.

"Mdomo umelegea, unachomoka," dada alisema. "Ukaze tu, mdogo wangu. Basi."

Huku akisema, kidole gumba chake kilipapasa vishimo viwili kwenye ule mpira, kimoja kimepandia kingine, pale mzee alipozoea kung'ata kwa upande wa kushoto. Ndivyo alivyomsalimia baba yake kila asubuhi. Mdogo wake hakuona. Alikwishashika lenzi, anatafuta muhuri wa mtengenezaji.

Aliukaza mdomo. Angeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mazoea yana taabu: mkono ulijiendea wenyewe kwenye msasa, naye akawa anawaza tu jinsi dada atakavyofurahi.

Dada alikuja kukichukua, akafungua kitambaa palepale sebuleni. Kiko kiling'aa. Akakinusa, akakuta nta. Akapitisha kidole gumba kwenye mdomo, akakirudisha, akapitisha tena. Mpira ulikuwa laini kama yai.

"Yako wapi meno ya baba?"

Ndipo fundi alipoelewa alichokuwa akikisugua. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Nisamehe, dada. Nilitaka kiwe kizuri."

"Kizuri ni kizuri. Kiweke kabatini na wenzake. Baba hayumo tena humo."

Akaketi, akalia bila sauti. Kiko Baridi, mtu mzima na mvi zake, naye akaangua kilio, kinywa wazi kama mtoto aliyeanguka. Dada akamtazama. Akamtazama tena, akasahau kufuta machozi.

"Hebu usifunge kinywa. Hilo jino la kushoto, lililopandia mwenzake, ni la nani?"

"Langu, dada."

"Umelitoa wapi?" Akamsukumia kiko. "Ng'ata."

"Dada, mimi sivuti..."

"Nani kakwambia uvute? Nimesema ung'ate."

Aling'ata. Mtu ambaye wajukuu zake hawakuruhusiwa hata kupumua karibu na lile kabati! Mkewe alilazimika kukimbilia jikoni kucheka.

Tangu hapo hutengeneza saa za watu na kiko cha baba kimebanwa upande wa kushoto, bila tumbaku wala moto. Wateja wanauliza, naye hajibu, kwa kuwa akijibu kitadondoka. Dada hupita akitoka sokoni, hukichomoa kinywani mwake bila hodi, akakifuta kwa upindo wa gauni na kukipapasa. Kwa muda mrefu alisema tu, "Bado," akamrudishia.

Juzi alikipapasa tena. Kidole gumba kikasimama mahali pamoja.

"Anaanza kuja," alisema, akamrudishia mdogo wake kinywani, taratibu, kama anayemlisha mgonjwa.