Vidole Tatu za Agronome

Siku ya kwanza ya kazi nilifika mu garage ya Serikali hapa Uvira na suruali ya kaka yangu, ndefu mpaka nilikuwa naikanyaga. Bendera ya Babeleji ilikuwa ingali juu. Shefu wa atelie, muntu wa kwetu ya kando ya ziwa, aliniangalia chini na juu.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka pale mwalimu alichoka na minye, Shefu."

Hakucheka. Yeye alikuwa anachekaka ku Noeli tu. Alinipa kitambaa na mafuta, akanionyesha pikipiki moja nyekundu. Njo vile nilianza kazi, na ile pikipiki njo naandika habari yake leo.

Ninyi vijana wa taximoto, pikipiki yenu ikiruka kama chura munasema barabara ni mubaya. Hapana. Ni amortisere imekufa. Amortisere ya nyuma iko na sehemu mbili: resor, ile chuma ya kujizungusha, inabeba uzito, na ndani yake bomba ya mafuta, inazuia resor isirukeruke. Mafuta ikimwagika, resor inabaki na wazimu yake. Finya kiti, achia. Ikipanda pole pole na kusimama, ni muzima. Ikicheza, ni mugonjwa.

Shefu alikuwa na namna yake. "Mbele ya kufungua bulon ao bolti yoyote," akasema, "kalisha mwenye pikipiki." Mwenye anakaa, unapima na vidole namna kiti inashuka, kisha unazungusha pete ya resor kufuata uzito wake. Kila muntu iko na vidole vyake. Ile nyekundu ilikuwa ya Agronome, bwana shamba muzungu wa stasyo ya pamba kule Bwegera. Ilikuwa pikipiki ya mbio, usukani chini, anaendesha amelala kama anatafuta sindano mu barabara. Muntu munene. Vidole tatu.

Nikauliza, juu ya kuchekesha bantu: "Na mwenye akikufa, Shefu, tunakalisha nani?"

 Shefu akaweka kle, spana yake, chini.

"Akikufa, unaweka mukono juu ya kiti. Unamwita na jina yake, ile mama yake alimupa. Unasema: shuka, tumefika. Asiposhuka, utatengeneza mpaka uzeeke."

Nikajisemea, huyu muzee amevuta moshi ya petroli.

Independance ikakuja. Bazungu bakavuka kwenda Usumbura, ng'ambo ya ziwa, lakini Agronome akabaki na pamba yake. Serikali ikanipeleka Bwegera kuchunga mashini za stasyo. Nilifanya naye kazi muda murefu. Asubuhi namwambia "Bonjour, Agronome", ananijibu "Bonjour, mekanisye." Aliishi peke yake. Kisha bunduki zikaanza kulia mu bonde, na minye nikakimbia kurudi Uvira, kwa Shefu. Agronome hatukumuona tena. Hakuna mwenye alisema kulipita nini, na hakuna mwenye aliuliza.

Barebelle bakaingia Uvira. Siku moja, jua ingali juu, Kamanda wao akaingia mu garage na ile pikipiki nyekundu, basoda yake banaisukuma. Alikuwa mwembamba, na majani ku kichwa. Balikuwa bamemumwangia mayi ya dawa, ili masasi imupite kama mvua. Lakini ile dawa ilikuwa na sheria: usigeuke kuangalia nyuma. Ukimwita Kamanda nyuma ya mugongo, anazunguka garage muzima mpaka akukute ku uso. Nilitaka kucheka, lakini bunduki hazikuwa na dawa ya kicheko.

"Inainama nyuma," akasema. "Jua ikigusa mulima, ikuwe imesimama. Bila vile tutajaribu masasi juu yenu, ninyi wawili benye hamuna mayi."

Tukafanya kazi. Mu depo kulikuwa amortisere mbili za aina ile, mupya, zingali mu karatasi. Tukaweka bloki ya mbao chini ya moteri, gurudumu ya nyuma ikaninginia. Unafungua bulon ya chini, kisha ya juu, upande moja kwanza. Ukitoa zote mbili pamoja, nyuma yote inakuangukia. Unaweka mupya, unaenda upande mwengine. Na usikaze mpaka mwisho ingali inaninginia: ishushe chini kwanza, isimame na uzito yake, kisha kaza, ama kauchu, zile mpira za ndani, zinajinyonga.

Kamanda akakaa. Nikapima: kidole kimoja. Akashuka. Pikipiki ikapanda muzuri, pole pole, ikasimama.

Kisha, hakuna muntu karibu, kiti ikaanza kushuka. Pole pole vilevile, kama mafuta iko inafanya kazi yake. Ikasimama. Shefu akaniangalia. Nikapima.

Vidole tatu.

Shefu akaweka kiganja juu ya kiti. Akafungua mudomo. "Agrono..." Akaacha. "Ile haiko jina," akanisemea chini chini. "Weye ulikaa naye. Jina yake nani?"

Nikatafuta mu kichwa yote. Bonjour, Agronome. Bonjour, mekanisye. Hakukuwa kingine.

Jua ilikuwa karibu na mulima. Kamanda akapanda, na nyuma ikashuka zaidi. Akaniambia: "Weye wa midomo mingi. Panda nyuma, tujaribu."

Nikapanda. Nikingojea iiname tena, ikapanda juu kidogo, kama vile muntu amesogea ili nipate nafasi. Tukatoka, tukafuata barabara ya Bwegera, ziwa ku mukono ya kuume. Miguu yangu ilitafuta vyuma vya kukanyagia, ikakosa. Kila nikijaribu, nakanyaga kiatu. Kiatu ya ngozi, ngumu. Minye nilikuwa miguu tupu.

Mbele ya daraja Kamanda akasimamisha. Hakugeuka.

"Nani iko nyuma?"

"Ni minye, Kamanda."

"Nasikia uzito ya bantu wawili nyuma yangu."

Nikimwambia hakuna muntu, kazi yetu ni mubaya, tunakufa. Nikimwambia iko, nimeroga pikipiki, tunakufa. Mudomo yangu ikajibu yenyewe: "Mwengine anaenda kwake, Bwegera, Kamanda. Anaomba umufikishe."

Upepo ya ziwa ikapita. Nikaona shingo yake inataka kugeuka, mishipa imesimama, na haikugeuka.

"Unamuona?"

"Simuoni. Napimaka tu."

"Shuka."

Nikashuka. Kiti haikupanda. Kamanda akaondoka mbele, mugongo wima, na hakurudi.

Kisha Serikali ikarudi. Kapiteni akaleta pikipiki ku garage. Basoda yake balikuta imesimama mbele ya mulango ya nyumba ya Agronome, moteri baridi, majani ya ku kichwa imetundikwa ku usukani. Hakukuwa muntu.

"Inagonjwa nini?" Kapiteni akauliza.

Shefu akachuchumaa, akapima. Akaniinulia kidole kimoja.

"Alimufikisha," akasema. "Sasa ni yeye njo amebaki. Mwite."

Nikaweka mukono ku kiti. Kamanda. Wote tulimwita Kamanda. Basoda yake vilevile.

Kapiteni aliangalia sura zetu, akaomba jeep.

Nilitumika chini ya mashefu wengine mingi, mpaka pensheni. Ile nyekundu iko kwangu hapa Songo, mutaa wa Uvira, nyuma ya nyumba. Nimebadilisha amortisere yake mara mingi. Kidole kimoja.

Vijana bananiita Papa Amortisere. Inachekesha, naipenda. Lakini kila mumoja, mbele ya kuondoka na pikipiki yake, namushika mukono. Jina yenye mama yangu alinipa ni Kashindi, namwambia. Kashindi, mutoto wa Nabintu. Rudia. Banafikiri muzee anatania. Rudia tena.