Vidole Juu ya Sakitu

Miaka michache iliyopita binti yangu, ambaye anaishi ughaibuni, alinialika nikakae naye katika majira yao ya baridi. Jioni moja akanivika koti lake zito, akanipeleka kutazama bale. Kama hujawahi kuiona, usione haya. Hata mimi nilifika uzee bila kuiona. Ni ngoma isiyo na mwimbaji. Wachezaji hawasemi neno, na watazamaji wanakaa vitini kimya, mikono mapajani, kama watu waliokuja kusomewa wosia. Wanawake wanacheza wamesimama kwenye ncha za vidole vya miguu, wepesi kama unyoya.

Tulikaa karibu na jukwaa. Muziki ulipotulia kidogo nikasikia: ko, ko, ko. Vilikuwa viatu vyao vikigonga mbao. Nikamshika binti yangu mkono. Habari za sauti ile niliwahi kuambiwa nikiwa na miaka tisa, nyumbani Mbeya, nami nilizikana.

Aliyeniambia ni shangazi yangu, dada yake baba. Katika miaka ile ya hamsini alikuwa yaya kwa familia ya Kizungu yenye shamba la kahawa upande wa Mbozi. Walipokwenda kwao likizo walimchukua awatunzie watoto. Aliondoka mvua zikianza, akarudi tukivuna mahindi.

Nyumbani kwetu ni Ilomba, ambako wakati ule kulikuwa mashamba matupu na nyumba za kuhesabika. Mwezi wa Juni hakuna aliyebanduka jikoni kwa bibi. Jioni tulizunguka moto tukipukuchua mahindi, punje zikilia ndani ya debe, viazi vimefukiwa majivuni, na aliyekuwa karibu na moshi alilia machozi bila kufiwa. Asubuhi nyasi zote nje zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Huo ni umande ulioganda. Ukiukanyaga unaunguza kama kaa. Sisi watoto hatukuwa na viatu. Basi kwenda shule tulipita tukidonoa ardhi kwa ncha za vidole, magoti juu, mikono tumeitanua tusianguke. Nakueleza haya polepole kwa sababu mambo yote yalitokana na hapo.

Asubuhi moja shangazi alisimama mlangoni akinitazama nikivuka uwanja kwa mtindo huo, akacheka peke yake. Niliporudi kutoka shule akaniambia kwamba huko alikotoka watu wazima wanalipa kiingilio kwenda kutazama jambo hilohilo. Jioni moja, theluji ikianguka, mwajiri wake aliwapeleka watoto, naye akaingia nao kwa kuwa yule mdogo hakukubali kumwachia mkono. Tukaenda nyuma ya nyumba. Akashika ukuta kwa mkono mmoja, akajiinua kwenye vidole, akanifundisha namna ya kutanua mikono na kulegeza shingo. Nilimwandama kwa maswali. Wanavaa nini? Ngoma anapiga nani? Vidole havivunjiki? Alinijibu swali moja baada ya jingine, bila kuchoka. Kisha akasema jioni atamsimulia bibi, nami niwe shahidi wake.

Jioni ile jirani yetu naye alikuwapo, mama mmoja mcheshi ambaye ulimi wake uliogopwa mpaka sokoni. Shangazi akaanza. Bibi akataka kujua waliimba nini. Shangazi akasema hawaimbi. Jirani akauliza basi alikuwa amefariki nani. Watu wakacheka, na shangazi mwenyewe akacheka kidogo, akaendelea. Akasema wachezaji wale ni wepesi kama unyoya, lakini ukikaa karibu unasikia miguu yao, ko, ko, ko, kama mbuzi juu ya mwamba.

Jirani akaweka gunzi chini. "Unyoya au mbuzi, mwanangu? Chagua uongo mmoja, tukusaidie kuubeba."

Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Alikuwa na msemo wake, kwamba aliyetoka mbali husema apendavyo, maana njia haina mdomo. Akausema. Shangazi akanigeukia.

"Mwambie bibi yako. Asubuhi mkienda shule, mnaikanyagaje sakitu?"

Wote wakanitazama. Jibu lilikuwa kwenye vidole vyangu, vimepasuka kwa baridi. Lakini kicheko kile kilikuwa kitamu, nami nilitaka kuwa ndani yake.

"Kwa unyayo mzima, bibi," nikasema. "Kama watu."

Jikoni pakachafuka kwa vicheko. Shangazi hakunikaripia. Alichukua gunzi jingine, akaendelea kupukuchua.

Tangu siku hiyo, ukimuuliza habari za safari yake alijibu, "Kulikuwa na baridi tu." Wiki iliyofuata nilimwendea peke yangu na maswali mengine, juu ya meli, chakula chao, na jinsi ngoma ile ilivyoisha. Akanishika kichwa. "Baridi tu, mwanangu." Miezi yote ile, bahari yote ile, akaifunga ndani ya maneno mawili. Baadaye aliolewa Iringa. Nilimtembelea mara nyingi, nikala makande yake, na sikuwahi kuligusa jambo lile. Amezikwa hukohuko.

Siku hizi watoto wa Ilomba wanakwenda shule na viatu na soksi, na mahindi yanapukuchuliwa kwa mashine kabla hujamaliza kusalimiana. Sisemi ni vibaya. Miguu yangu inakumbuka vizuri mno.

Niliporudi kutoka kwa binti yangu niliwasimulia wajukuu juu ya ngoma ile ya vidole. Nilipofika kwenye ko, ko, ko, wakaangua kicheko, nami nikajua kicheko kile nimekisikia wapi. Ila mdogo wao alikuwa amenikazia macho.

"Halafu, bibi?"

Nikamvuta karibu, nikaendelea. Kumbe neno alilolihitaji shangazi jioni ile ni fupi hivyo, hata mtoto wa miaka tisa angeweza kulisema.